Ndoo kesho

Kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, njoo ni ndoo. Mgeni wa bara akiketi asubuhi moja kwenye benchi la ofisi zetu za umma atalisikia neno hilo mara nyingi hadi adhani serikali inagawa vyombo vya kutekea maji. "Ndoo kesho, ami." "Ndoo Jumatatu." "Ndoo bosi akirudi Mombasa." Wenyeji hatushangai. Tunanyanyuka, tunakung'uta kikoi, tunateremka gatini kuangalia kama boti imeshaondoka.

Nimekaa miaka kadhaa nyuma ya kaunta hiyo, katika masjala ya ofisi moja ambayo sitaitaja, na nakiri mapema kwamba neno hilo nimelitamka mimi pia, tena kwa sauti ya upole. Sikuwa na ubaya na mtu. Sikuwa na la kumwambia, na aliyekuwa nalo hakunipa ruhusa ya kulisema. Ndiyo maana nikisoma watetezi wa haki wakilalamika kwamba ofisi zetu zinaficha habari, huwa nasita kidogo. Zinaficha, mara nyingine. Ila maombi mengi niliyoyaona kwa macho yangu hayakufika hata mahali pa kukataliwa. Yalikufa kaunta, hayajapokewa.

Sheria yetu imejengwa kumsaidia mtu aliyekataliwa. Huyu aliyeambiwa ndoo kesho haimtambui, na humo ndimo ofisi inamoponyoka.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Miaka sita baadaye Bunge likaitungia haki hiyo Sheria ya Kupata Habari ya 2016, iliyoanza kutumika Septemba 21 mwaka huo. Kwa aliyewahi kushika mafaili, ni sheria inayoijua ofisi na vijinjia vyake. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Kulileta hakutozwi ada; kinacholipiwa ni gharama ya kunakili. Asiyejua kuandika, afisa ana wajibu wa kumwandikia ombi lake na kumpa nakala. Ofisi ikiwa na fomu yake, sawa, lakini haiwezi kulitupa ombi kwa kuwa tu halikuandikwa kwenye fomu hiyo. Jibu litoke ndani ya siku 21, na likiwa linahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Ofisi iliyoelemewa na wingi wa karatasi inaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Habari zikiwa ofisi nyengine, ombi lihamishiwe huko ndani ya siku tano tangu lilipofika.

Hilo la mwisho lisomeni mara mbili, hasa nyinyi mnaotoka Faza, Ndau au Kiunga. Mtu anavuka bahari hadi Amu, yaani mji wa Lamu, anaambiwa, "Hayo si hapa, nenda Mokowe." Anavuka tena hadi Mokowe anaambiwa, "Faili hiyo iko Amu." Siku imekwisha na nauli imekwisha. Sheria inasema kinachovuka ni karatasi. Mzee abaki alipo.

Sasa, siku hizo 21 zinaanza lini? Ombi linapopokewa. Basi kila kitu kinategemea kipande cha mpira kilichochovywa kwenye wino: muhuri wa kupokelea, wenye tarehe. Ukiupata, siku ya 22 ikifika bila jibu, sheria inahesabu kimya kile kuwa ni kukataliwa, na una siku 30 za kupeleka shauri lako kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina uwezo wa kuiamuru ofisi itoe habari. Usipoupata, huna siku ya kwanza, na asiye na siku ya kwanza hana ya 21. Waswahili husema kimya kina mshindo mkuu. Sheria inakubaliana nao, ila inataka ijue kimya kilianza tarehe ngapi.

Niwaeleze barua inavyosafiri ndani, maana wanaoandika juu ya haki hii wengi wao hawajawahi kuingia masjala. Kila barua inayoingia lazima ipate nambari ya faili. Isiyo na faili haina kwao. Barua ya wizara ina faili. Mfanyakazi anayeomba likizo ana faili. Malalamiko ya bomba lililopasuka yana faili. Sasa inakuja barua ya ukurasa mmoja: naomba nakala ya mkataba wa ujenzi wa zahanati ya kijiji chetu, na jina la mkandarasi. Karani anaigeuza huku na huku. Si malalamiko. Si maombi ya kazi. Haidai pesa. Anaitia kwenye faili ya mengineyo, faili nene kuliko zote na isiyofunguliwa na mtu, au anaipandisha juu kwa bosi kama ilivyo, haina nambari. Bosi anaandika pembeni: "Shughulikia." Nani ashughulikie? Hakusema. Barua inashuka idara ya ujenzi, wanaandika, "Fedha wahusike." Fedha wanaandika, "Tupate ushauri wa kisheria." Mwanasheria yuko semina. Nimewahi kuona barua iliyojaa maandishi ya pembeni hadi ikabidi igeuzwe nyuma, na mwombaji hajaandikiwa hata mstari mmoja wa kumwambia kwamba imefika.

Na wala hakukuwa na mtu mwovu katika safari ile. Kila aliyeigusa aliona amefanya kazi yake kwa kuisukuma mbele.

Sheria imemtaja wa kushughulikia, ni mkuu wa taasisi mwenyewe. Yeye ndiye afisa wa kutoa habari, mpaka atakapomkabidhi mwengine kazi hiyo. Wakuu niliowatumikia hawakumkabidhi mtu, na sababu naielewa: anayekabidhiwa kutoa habari amekabidhiwa na kiasi fulani cha nguvu za bosi. Basi bosi akisafiri, na wakuu wa Lamu husafiri sana, habari nazo zinasafiri naye. Kaunta anabaki karani asiye na mamlaka ya kusema ndiyo na asiye na ujasiri wa kusema hapana. Huyo ndiye anayekutana na mwananchi. Hajaambiwa kwamba afisa anayekataa kupokea ombi, au anayekataa kumwandikia asiyejua kuandika, au anayepitisha muda bila kujibu, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi mitatu, au yote mawili. Angejua, muhuri ungegongwa haraka. Mimi mwenyewe nililijua hilo nikiwa nimeshatoka kazini.

Kuna mambo mengine ambayo hayamo kwenye sheria yoyote. Lamu ni mji mdogo. Karani ni mtoto wa fulani, mwombaji ni mkwe wa fulani, na mkandarasi anayeulizwa habari zake ana duka usita wa pili. Ukileta barua rasmi kumuomba binamu yako habari za ofisi, unakuwa kama umemtukana. "Mbona hukuniuliza nyumbani?" Na kweli, ungemuuliza nyumbani angekueleza, pengine hata angekupigia picha ukurasa ule kwa simu na kukutumia usiku. Habari hapa petu hazikosekani. Zinapita barazani, zinapita kwenye harusi, zinapita WhatsApp. Zinapita kwa njia ya undugu, na asiye na ndugu ndani ndiye anayeambiwa ndoo kesho. Mkulima wa Hongwe asiye na ami yake mezani, Mwaweri wa Basuba asiyejua mlango ni upi, mjane wa Kizingitini ambaye waliokuwa wakimjua mumewe wamestaafu.

Ndiyo maana mimi naona kazi kubwa ya sheria hii, katika mji kama wetu, ni kuifanya habari iwe kitu cha kuchosha, kama risiti ya maji. Atoe yeyote, apewe yeyote, kwa maneno yale yale. Habari inayotolewa kwa fadhila ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuidai siku ya kupiga kura.

Undugu huo huo ndio unaozaa swali ambalo sikumbuki ombi hata moja lililopita bila kuulizwa: "Wataka ya nini?" Kwa ofisa ni swali la kawaida, anataka kujua kama anasaidia mwanafunzi au anampa silaha mtu wa upande wa pili. Kifungu cha 4 kimelimaliza: haki ya mwombaji haiathiriwi na sababu aliyoitoa, wala na fikra za ofisi kuhusu sababu yake. Hata akiwa ni mpinzani. Hata akiwa ametumwa. Ukitafakari, ni kifungu cha ajabu kidogo kwa mji unaoishi kwa kujua nia za watu. Lakini hakuna njia nyengine. Ofisi ikianza kupima nia, mpinzani atanyimwa kwa sababu ni mpinzani na rafiki atapewa kwa sababu ni rafiki, nasi tutakuwa tumerudi palepale kwenye picha ya simu.

Sheria hii ni ya raia, na hapa pana mwiba wake. Kaunta mara nyingi husema: lete kipande, yaani kitambulisho. Sasa hii ni kaunti ambamo Wabajuni na Waaweri wamelalamika miaka na miaka juu ya kusumbuliwa katika kupata vitambulisho, wakiulizwa babu alizaliwa wapi na nani shahidi. Kudai kipande kabla hata ya kugonga muhuri ni kumuuliza mtu swali la pili ili usijibu la kwanza. Uraia wa mtu ukiwa na shaka, mwandikie jibu linalosema hivyo, aende nalo mbele. Ombi lake lipokee kwanza.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya karatasi tu, yanawahusu wenye shule. Wakumbuke yaliyotupitia sisi wenyewe. Mradi wa bandari na barabara wa LAPSSET ulizinduliwa Kililana Machi 2012, marais wawili na waziri mkuu wa Ethiopia wakiwepo. Wavuvi wakaja kuyajua mengi ya mradi ule kwa kuona matingatinga. Kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, iliyofunguliwa mwaka huo huo, iliamuliwa Aprili 30, 2018, na Mahakama Kuu ikaona kwamba miongoni mwa haki zilizokiukwa ni hii ya kupata habari. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamuriwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Piga hesabu: karatasi ambazo zingeweza kubandikwa kwenye banda la kila BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, kwa gharama ya gundi zilikuja kujadiliwa mbele ya majaji kwa miaka sita.

Halafu makaa ya mawe. Mtambo wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi ulipewa leseni na mamlaka ya mazingira, NEMA, mwaka 2016. Juni 26, 2019 Mahakama Maalum ya Mazingira ikaifuta leseni ile. Waliouunga mkono mradi walisema mikutano ilifanyika, na ni kweli ilifanyika. Tatizo ni kwamba watu walikutanishwa kabla ripoti ya athari za mazingira haijawa tayari, na ilipokuwa tayari hawakurudiwa wakaelezwa imesema nini. Waliulizwa ladha ya chungu ambacho hakijatelekwa. Mimi hiyo kesi naisoma kama kesi ya habari kuliko kesi ya moshi. Maoni ya mtu asiyeijua habari hayana uzito, na ofisi iliyoyakusanya inajua hayana uzito, ndiyo maana inayakusanya mapema.

Ya tatu si ya Lamu lakini ni ya Pwani. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa kudai mikataba ya reli ya SGR baada ya kuiandikia serikali na kutopewa. Serikali ikajitetea kwa masharti ya usiri yaliyomo ndani ya mikataba yenyewe. Mei 2022 mahakama ikaamuru habari zitolewe. Nawaomba maofisa wetu waikumbuke kesi hiyo kila wanapoandika "ni siri baina yetu na mkandarasi". Ahadi ya kunyamaza mliyopeana nyinyi wawili haimfungi anayewalipa nyote.

Baada ya kuisema ofisi, niitetee kidogo, maana kuna maombi ambayo ni magumu kweli. Tuseme mvuvi anaomba orodha ya wote walioorodheshwa kwa fidia katika kijiji chake. Ana haki: anataka kujua kama kuna majina ya watu wasiowahi kushika mshipi. Lakini orodha ya namna hiyo kwa kawaida huwa na nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, pengine na akaunti ya benki ya kila mmoja. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na hata Sheria ya Kupata Habari yenyewe, kifungu cha 6, inazuia kuingilia faragha ya mtu bila sababu nzito. Karani akiitoa orodha nzima kama ilivyo, wiki hiyo hiyo matapeli wa simu watakuwa wamefika Pate. Akiikataa nzima, majina hewa yamepata mahali pa kulala.

Njia ipo katikati nayo ni ya kazi za mikono. Unatoa majina, kijiji, na kiasi. Unafuta kwa wino mweusi nambari zote. Unaandika barua kueleza umefuta nini na kwa nini. Kazi hiyo inachukua siku mbili, labda tatu, na inataka mtu aliyefundishwa. Kifungu hicho hicho cha 6 kina mizani: hata habari iliyo kwenye orodha ya kuzuiwa, usalama wa taifa ukiwemo, yaweza kutolewa manufaa ya umma yakizidi madhara. Hapa Lamu neno usalama lina uzito wake. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni 2014 hatulichezei. Lakini nimeliona likiwekwa juu ya mambo ambayo Al-Shabaab hawana haja nayo hata kidogo, kama bei ya viti vya plastiki.

La majina na nambari linatatulika. Linalonitia huzuni ni lile la faili lisiloonekana. Sheria inasema habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 inachukuliwa kuwa haina kizuizi, mpaka ofisi ithibitishe vinginevyo. Fikirieni maana yake kwetu. Mafaili ya makazi ya Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, ya miaka ya 1970. Mafaili ya vijiji vya Wabajuni vilivyohamwa bara wakati wa vita vya mashifta, miaka ya 1960. Kwa mujibu wa kifungu kile kimoja, mlango uko wazi. Ingia sasa uone kama nyumba ina kitu. Chumvi ya bahari inakula pini na vibanio kwanza, kisha kutu inakula karatasi, kisha mchwa wanamalizia. Nimefungua sanduku nikakuta udongo wenye umbo la faili. Sheria iliipa kila taasisi ya umma miaka mitatu kuziweka kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Kompyuta nilizoziona zilikuwa za kuchapia barua za safari.

Kwa hiyo jibu la "hatuna" lisidharauliwe, mara nyingine ndilo kweli. Lakini nalo liandikwe. Ofisi iliyoandika kwa mkono wake kwamba haina faili fulani imekiri jambo, na kukiri huko kunaweza kumfikisha mtu kwa wahifadhi wa nyaraka za taifa Nairobi, au kwa wakili, au kwa mbunge wake. Neno la mdomo la kaunta halimfikishi popote.

Ukiniuliza nifanye nini leo kama ningekuwa mkuu wa ofisi hizi, nisingeanza na tovuti. Tovuti ni nzuri kwa wafadhili. Mtu wa Kiunga mtandao wake unategemea upepo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kaunti itenge ofisi ya kushughulikia habari, basi ningetenga meza moja, na juu yake daftari. Daftari la mistari, la dukani. Nambari ya ombi, tarehe, jina, anataka nini, siku ya 21 ni lini, amejibiwa nini. Daftari likae hadharani, anayeketi benchini aweze kulisoma kichwa chini. Halafu mambo ambayo sheria inataka ofisi iyatangaze bila kuombwa, hasa mikataba ikishatiwa saini, yaani kazi gani, kwa kiasi gani, nani amepewa, itakwisha lini, ningeyabandika kwa Kiswahili pale watu wanapopita: bandani pa BMU, ukutani pa zahanati, nje ya msikiti baada ya kumuomba imamu. Miji hii ilikuwa na mbiu ya mgambo kabla ya kuwa na gazeti la serikali. Nusu ya barua nilizozipokea zisingeandikwa kama mbiu ingepigwa. Na Kiswahili nasisitiza, kwa sababu mwananchi anaruhusiwa kuuliza kwa Kiswahili, akajibiwa kwa kurasa 60 za Kiingereza cha makadirio ya ujenzi, akawa amepewa habari kama vile mtu anavyopewa nazi naye hana kifuo cha kuifulia.

Nilisema nimelitamka neno lile mimi pia. Alikuwa mzee mmoja wa upande wa Kizingitini, mkavu, kofia yake ya vito imefuliwa hadi ikapoteza maua. Jabia la kijijini kwao, birika la kuvunia maji ya mvua, lilikarabatiwa, mvua zikaja, maji yakatoka nyufani. Alitaka kujua ukarabati uligharimu shilingi ngapi na nani aliyeufanya. Alikuja mara ya kwanza kwa mdomo. Nikamwambia, "Ndoo kesho, ami." Akanitazama. "Ndoo ninazo, mwanangu. Jabia ndilo lisilokaa maji." Masjala nzima ikacheka, naye akacheka, akaondoka bila kitu.

Mara ya pili ikawa vivyo hivyo, ila hatukucheka.

Mara ya tatu alikuja na barua aliyoandikiwa na mjukuu wake, kwa Kiswahili safi, na nakala yake. Akaniwekea zote mbili juu ya kaunta, akagusa ile ya pili kwa kidole: "Na hii igongee." Mkono wangu ulisita. Sikuwa nimekatazwa, lakini sikuwa nimeambiwa niko huru. Nikagonga, nikatia tarehe, nikatia na herufi za jina langu chini yake kama tulivyofundishwa. Akaipulizia wino ukauke, akaikunja ndani ya mfuko wa plastiki wa mkate. Kisha akaniuliza leo ni mwezi ngapi, nikadhani anataka tarehe ya serikali. Alitaka mwezi wa mbinguni. Ulikuwa mwezi tisa, siku ya tisa tangu uandame. Akahesabu kwa viungo vya vidole. Siku ya 21, akasema, itaangukia bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Kufika asubuhi Mkanda, ule mkondo mwembamba wa kupitia boti, itakuwa nchi kavu, basi itambidi aondoke kabla ya alfajiri maji yakiwa bado juu.

Barua ikapanda. Zikapita wiki mbili, bosi akaniita. Ile nakala ya ofisi ilikuwa mbele yake. Hakuniuliza jabia liligharimu kiasi gani, wala mkandarasi ni nani, mambo ambayo yangejibiwa kwa kuvuta droo moja. Aliweka kidole juu ya muhuri. "Nani alimgongea?"

Nikamwonyesha herufi zangu. Akahema, akahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, akainua simu kuita watu wa ujenzi. Jibu lilitoka siku ya 20: mistari minne, kiasi, jina la kampuni, tarehe ya kukabidhi kazi.

Siku ya 21 nilimkuta mzee benchini kabla sijafungua mlango, suruali imelowa hadi magotini. Nikampa barua yake. Aliisoma polepole, akairudia, akaitia kwenye mfuko wa mkate pamoja na ile nakala. Kisha akatoa bahasha ya pili, ombi jipya, na nakala yake.

"Na hii igongee," akasema.